Heidi Kabel: Miaka 66 katika jukwaa moja la Hamburg

Nje ya kituo kikuu cha reli cha Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, kuna uwanja unaoitwa Heidi-Kabel-Platz. Pembeni yake limesimama jengo kubwa la zamani la Bieberhaus, na ndani ya jengo hilo mna ukumbi wa maigizo wa Ohnsorg. Karibu na ukumbi huo kuna sanamu ya shaba ya mwanamke. Mgeni anaweza kudhani ni mke wa mtawala fulani au mwasisi wa chama. La. Ni mwigizaji wa vichekesho, binti wa mchapaji, aliyezaliwa, akafanya kazi na akafia katika mji huohuo. Tena sehemu kubwa ya maisha yake jukwaani alizungumza lugha ambayo Mjerumani wa Munich au Stuttgart akiisikia huambulia neno mojamoja tu.

Heidi Kabel alijiunga na kundi la Ohnsorg mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 18. Akaliaga jukwaa hilo usiku wa tarehe 31 Desemba 1998, akiwa na miaka 84. Kati ya siku hizo mbili zilipita zama nne: Jamhuri ya Weimar, utawala wa Hitler, miaka ya majeshi ya Uingereza kuikalia Hamburg baada ya vita, na Jamhuri ya Shirikisho, ambayo mwaka 1990 iliungana na Ujerumani Mashariki. Bendera zilipanda na kushuka, fedha zikabadilishwa, nyumba zikabomolewa na kujengwa upya. Yeye alikuwa palepale.

Simulizi za wasanii wakubwa kwa kawaida ni simulizi za safari. Mwigizaji Marlene Dietrich aliondoka Berlin mwaka 1930 akaenda Hollywood, na dunia nzima ikamjua. Kabel hakwenda popote. Hata hivyo, kwa Wajerumani wa kizazi kizima, sauti yake ilikuwa ikiingia sebuleni kila mara kama ya shangazi wa ukoo. Maisha yake yanathibitisha kwamba msanii anaweza kuwa mkubwa bila kuhama, ilimradi pawepo na ukumbi unaomtunza na lugha anayoimiliki. Yanaonya pia kwamba umaarufu una bei yake, na katika maisha haya bei hiyo hakuilipa msanii peke yake. Lugha yake nayo ililipa.

Binti wa mchapaji

Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa havijatimiza mwezi, katika mtaa wa Große Bleichen, katikati ya mji. Baba yake, Ernst Kabel, alikuwa na kiwanda cha uchapaji na alizipenda mno mila za Hamburg na lugha yake ya asili. Siku hizi Große Bleichen ni mtaa wa maduka ya bei kali. Nyumba aliyozaliwa Heidi ilitazamana na jengo ambalo mwaka 1936 lilikuja kuwa makao ya Ohnsorg. Alizaliwa upande mmoja wa barabara, na kazi yake ya maisha ikaja kupiga kambi upande wa pili.

Lugha ya asili ya mji huo ni Plattdeutsch, Kijerumani cha nyanda za chini za kaskazini. Si lafudhi tu ya Kijerumani sanifu. Ina sarufi yake na historia yake, na kwa sauti zake iko karibu zaidi na Kiholanzi. Katika karne ya 14 na ya 15, wafanyabiashara wa muungano wa miji ya Hansa waliandikiana mikataba kwa lugha hiyo kutoka Bruges hadi Riga. Hansa ilipodhoofika, Kijerumani cha kusini kilipanda kaskazini kupitia Biblia, mahakama na shule, na kufikia karne ya 17 Plattdeutsch ilikuwa imekwisha ondolewa maofisini. Ilibaki jikoni, sokoni, bandarini na kwenye mashua za wavuvi wa mto Elbe. Wazazi waliotaka watoto wao wasonge mbele wakaanza kuwakataza kuizungumza.

Richard Ohnsorg, msomi wa lugha aliyekuwa mkutubi, aliona kwamba lugha iliyofukuzwa ofisini bado inaweza kupewa jukwaa. Mwaka 1902 alianzisha chama cha maigizo, na mwaka 1920 kundi lake likachukua jina la Niederdeutsche Bühne Hamburg. Mwanzoni wengi wa wanakundi walikuwa watu wenye kazi zao za mchana, wakiigiza jioni. Hamburg haikuwa na upungufu wa kumbi: mwandishi mashuhuri wa tamthilia Lessing mwenyewe alifanya kazi katika ukumbi wa kitaifa wa mji huo kuanzia 1767, Thalia ilifunguliwa mwaka 1843, na Deutsches Schauspielhaus mwaka 1900. Kundi la Ohnsorg halikushindana nazo. Liliwachukua watu ambao kumbi hizo, zikiwaingiza jukwaani, huwaingiza wakiwa wamebeba sinia: mvuvi, kuli wa bandarini, fundi seremala, mjane mpangaji. Likawafanya hao kuwa wenye igizo.

Mwaka 1932 rafiki yake Heidi alikwenda kujaribiwa na Ohnsorg. Heidi alimsindikiza tu. Aliyechukuliwa ni msindikizaji.

Kazi ya kila siku

Maisha aliyoyaingia hayafanani na tunayoyafikiria tunaposikia neno nyota. Ujerumani ilikuwa vipande vya tawala ndogondogo hadi mwaka 1871, na kila mtawala, awe mkubwa au mdogo, alitaka kuwa na ukumbi wake. Urithi huo umebaki. Hadi leo nchi hiyo ina kumbi za umma zipatazo 140 zinazogharimiwa kwa sehemu kubwa na miji na majimbo, mbali na kumbi za binafsi, baadhi zikipata ruzuku. Ndiyo maana hata mji wa wastani unaweza kuwa na waigizaji wake wenye mkataba na mshahara, na si wa kukodiwa kwa onyesho moja.

Mwigizaji wa namna hiyo huajiriwa kwa msimu kama mshiriki wa kundi la kudumu. Asubuhi anafanya mazoezi ya igizo lijalo, jioni anacheza igizo la sasa. Leo ni mama mkwe, baada ya wiki chache ni mtumishi wa nyumbani. Hachagui sana. Anapewa jukumu, anajifunza maneno, anapimwa nguo, pazia linafunguka. Watazamaji wake si umati usio na sura. Wengi ni walewale, wanaorudi msimu hata msimu, wanaojua alivyocheza mwaka juzi na wanaoona mara moja akianza kujirudia. Kumdanganya mtazamaji wa aina hiyo ni vigumu.

Shule hiyo ndiyo iliyomlea Kabel. Alianza kwa majukumu ya wasichana, akaenda kwa wake na mama, akamalizia kwa mabibi. Aina zote za wanawake wa kawaida wa Hamburg zilipita mwilini mwake. Ndiyo sababu alipokuja kusimama mbele ya kamera, kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa amekwisha jifunza jambo ambalo kamera haiwezi kulifundisha: kukisia kicheko cha ukumbi kitachukua muda gani, na kulitupa neno linalofuata kabla hakijapoa.

Wakati mambo hayakuwa ya kucheka

Hitler alishika madaraka Januari 1933, msimu wa kwanza wa Heidi ukiwa haujaisha. Wanazi waliyapenda maigizo ya lugha za mikoani kwa sababu zao wenyewe. Waliona ndani yake picha ya taifa la wakulima na damu waliyoihubiri, na majukwaa hayo yalipata heshima mpya kutoka kwa dola. Makao ya kudumu ya Ohnsorg pale Große Bleichen yalipatikana mwaka 1936, katikati ya zama hizo. Mwaka 1937 Heidi aliolewa na mwigizaji mwenzake, Hans Mahler. Mahler alijiunga na chama cha Nazi kwa ajili ya kuendeleza kazi yake katika uongozi wa maigizo. Heidi naye aliingia katika jumuiya ya wanawake ya chama hicho.

Waandishi wa sifa hupenda kuuruka ukurasa huu. Kabel mwenyewe hakuuruka. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1979, ambacho jina lake linakiri kwamba kuna nyakati mambo hayakuwa ya kuchekesha, aliandika habari hizo na kuzijutia. Sioni hapo sababu ya kumwita mwovu, wala ya kumsafisha. Alikuwa mmoja wa mamilioni walioona kujiunga ni rahisi kuliko kukataa, na wingi wa mamilioni hao ndio uliozipa zile nyakati nguvu. Waigizaji Wayahudi walifukuzwa katika majukwaa ya Ujerumani. Waliobaki walibaki wakifanya kazi katika nafasi zilizoachwa na wenzao waliofukuzwa.

Kuna wimbo mmoja wa mitaani, unaomhusu kijana wa Hamburg na gurudumu lake la kuchezea, ambao mji mzima huuimba hadi leo na ambao Kabel naye aliuimba. Ulitokana na ndugu wa familia ya Wolf, Wayahudi wa Hamburg waliokuwa wachekeshaji maarufu wa Plattdeutsch kabla ya vita. Wanazi waliwapiga marufuku jukwaani, na mmoja wao, James Wolf, aliuawa katika kambi ya Theresienstadt mwaka 1943. Nyimbo zao zilibaki midomoni mwa mji uliokwisha kuwasahau wenyewe. Anayeisifu sanaa ya kienyeji ya Hamburg anapaswa kuitaja familia hiyo kwa pumzi hiyohiyo.

Julai 1943 ndege za Uingereza na Marekani ziliishambulia Hamburg kwa siku kadhaa mfululizo, na watu zaidi ya 30,000 wakaangamia, wengi katika moto uliogeuka tufani. Septemba 1944 serikali ilifunga kumbi zote za maigizo nchini. Mwaka huohuo Heidi na Hans walipata binti waliyempa jina la Heidi. Vita vilipokwisha, karibu nusu ya makazi ya mji yalikuwa vifusi. Mwaka 1946 ukumbi ulipewa jina la mwasisi wake, naye akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1949 Mahler alikabidhiwa uongozi. Kwa miaka 21 Heidi Kabel alifanya kazi chini ya mumewe, jambo ambalo nyumba nyingi zisingelistahimili, na ambalo liliipa Ohnsorg uthabiti wa kipekee.

Kamera zaingia ukumbini

Jioni ya Jumamosi tarehe 13 Machi 1954, igizo la Ohnsorg lilirushwa kwa mara ya kwanza katika televisheni. Miezi michache kabla, Oktoba 1953, televisheni ilikuwa imerusha igizo la moja kwa moja kutoka ukumbi wa Willy Millowitsch wa Köln, ambaye ukoo wake ulianza kwa vikaragosi tangu karne ya 18. Majaribio hayo mawili, moja la magharibi na moja la kaskazini, yalifungua njia.

Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa. Televisheni ilikuwa changa, ina saa nyingi za kujaza na fedha chache. Mitambo ya kurekodi picha kwenye utepe ilikuwa bado haijafika katika vituo vya Ujerumani. Ukumbi wa mtaani ulikuwa na kila kilichotakiwa: mandhari imekwisha jengwa, waigizaji wanayajua maneno yao, na watazamaji wapo tayari kucheka kwa sauti. Ilitosha kuingiza kamera na kuvuta nyaya. Tena hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi nzima ilikuwa na chaneli moja tu. Familia iliyowasha televisheni ilipata kilichopo, na mara nyingi kilichopo kilikuwa Ohnsorg. Hivyo watu wa Bavaria na Swabia, ambao hawajawahi kuiona bandari, wakazoea majina ya waigizaji wa mtaa mmoja wa Hamburg.

Lakini lugha ilikuwa kikwazo. Wakuu wa televisheni walijua kwamba Plattdeutsch halisi haitaeleweka kusini. Uamuzi ukawa kwamba ukumbini wacheze kwa lugha yao, na mbele ya kamera wacheze toleo jingine: Kijerumani sanifu kilichotiwa lafudhi, misemo na mpangilio wa maneno wa kaskazini. Kwa mwigizaji maana yake ni kujifunza igizo lilelile mara mbili. Ulimi uliokwisha zoea neno fulani kwa wiki nyingi unatakiwa kulisema jingine, bila kupoteza mdundo wa kichekesho. Kabel aliyaweza hayo kwa namna iliyofanya yaonekane mepesi.

Mama Boldt wa ngazini

Anayetaka kumwona Kabel akiwa katika kilele chake amtazame akiwa Meta Boldt, katika igizo la Jens Exler liitwalo Tratsch im Treppenhaus, yaani Umbeya Ngazini, lililorekodiwa kwa televisheni miaka ya 1960. Habari yenyewe ni ndogo. Katika nyumba moja ya kupanga, mjane Hanne Knoop amempa msichana chumba. Jirani yake, Ewald Brummer, mkaguzi wa kodi mstaafu, naye amempokea mpwa wake. Mwenye nyumba, mchinja nyama aitwaye Tramsen, hataki wapangaji wa kupangishwa na wapangaji. Na katikati ya milango hiyo anaishi Meta Boldt, mwanamke ambaye hakuna hatua inayopanda ngazi asiyoijua ni ya nani.

Kabel anatokea akiwa amevaa gauni la kazi za nyumbani, lile la vifungo mbele ambalo kila mama wa Ujerumani wa zama hizo alikuwa nalo. Chombo cha usafi mkononi ni kisingizio tu, kwa maana anayesafisha ngazi ana haki ya kusimama mlangoni kwa mtu kwa muda anaoutaka. Mikono inafuta, masikio yamo ndani ya chumba cha jirani. Mlango ukifunguka ghafla, mgongo unanyooka, uso unavaa heshima, na sauti inatoka tamu. Kisha, jirani akigeuka, macho yanamsindikiza hadi kona, na mdomo unakunjwa. Hajasema neno, lakini ukumbi mzima umekwisha jua kesho habari itakuwa imefika wapi.

Ni rahisi kuyadharau maigizo ya namna hii, na wahakiki wengi waliyadharau. Mimi naona walikosea. Hamburg ilikuwa mji uliopoteza karibu nusu ya makazi yake. Kwa watu waliokaa miaka mingi wakigawana jikoni na vyoo na wageni, swali la nani aruhusiwe kulala chumba cha pili halikuwa dogo. Hofu ya kushtakiwa kwa mwenye nyumba ilikuwa hofu ya kweli. Tena taifa hilo lilikuwa limetoka katika utawala ambamo jirani mwenye masikio marefu aliweza kukupeleka kambini. Exler hakuyaandika hayo, wala Kabel hakuyatangaza. Lakini mmbea wake hakuwa kikaragosi. Alikuwa mpweke, aliyejaza utupu wa siku zake kwa maisha ya wengine, na Kabel alimpa uzito huo bila kupunguza kicheko hata kimoja.

Brummer aliigizwa na Henry Vahl, mzaliwa wa Stralsund, aliyefika Ohnsorg mwaka 1958 akiwa na takriban miaka 60, umri ambao wengi huanza kuhesabu siku za kustaafu. Akawa kipenzi cha taifa akiwa mzee. Vahl alijulikana kwa kusahau maneno, na mwenzake wa jukwaani ilimbidi awe macho kila sekunde. Igizo la watu wawili wanaojuana namna hiyo halifundishwi katika warsha ya wiki mbili. Ni tunda la kundi linalokaa pamoja mwaka hadi mwaka.

Kabel aliweza pia kumuumiza mtazamaji. Katika Mudder Mews, tamthilia ya Fritz Stavenhagen kuhusu familia ya wavuvi, alimwigiza mama mkwe anayemkandamiza mke wa mwanawe hadi msichana huyo anajiua. Nguvu ileile iliyochekesha ngazini, ya mwanamke anayetaka kujua na kuamua kila kitu, hapa inaua. Aliyewaona wanawake hao wawili anaelewa kwamba kichekesho na msiba vilitoka katika elimu moja ya kuwatazama watu kwa karibu.

Bei ya umaarufu

Mahler alifariki Machi 1970, akiwa bado mkurugenzi. Mjane aliendelea. Alicheza filamu na tamthilia za mfululizo, kama Heidi und Erni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipokutanishwa na Erni Singerl, mwigizaji wa kienyeji wa Bavaria: kaskazini na kusini katika meza moja. Binti yake, Heidi Mahler, aliingia katika kazi hiyohiyo na baadaye akavaa mwenyewe gauni la Meta Boldt. Serikali ilipotaka kumtunuku nishani ya taifa ya heshima, Kabel aliikataa, akifuata desturi ya zamani ya Hamburg kwamba raia wa mji huru hapokei nishani za wakubwa. Mwaka 2004 alipokea tuzo ya Bambi kwa kazi ya maisha yake yote. Miaka ya mwisho aliishi katika makazi ya wazee, kumbukumbu zikimtoka, na alifariki tarehe 15 Juni 2010 akiwa na miaka 95. Ibada ya kumuaga ilifanyika katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli, lile ambalo mnara wake ndio alama ya Hamburg kwa mabaharia wanaorudi nyumbani.

Mwaka uliofuata, 2011, Ohnsorg iliihama Große Bleichen na kwenda Bieberhaus, jirani kabisa na Deutsches Schauspielhaus. Kundi lililoanza na watu wa mchana kazini na jioni jukwaani sasa linapakana na mojawapo ya kumbi kubwa za maigizo mjini. Uwanja ukapewa jina la Kabel. Kwa heshima ya mtu mmoja, huo ni ushindi kamili.

Kwa lugha aliyoitumikia, hesabu ni ngumu zaidi. Mwaka 1984 takriban theluthi moja ya watu wa kaskazini walisema wanaizungumza Plattdeutsch vizuri. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta wamebaki takriban asilimia 16, ingawa karibu nusu bado wanaielewa. Kabla ya tarehe hizo mbili Ohnsorg ilikuwa imekwisha kuwa jina la kila nyumba. Televisheni haikuiua lugha hiyo. Shule, viwanda na uhamiaji vilikwisha fanya kazi yao kabla. Lakini ile lugha ya kati iliyobuniwa kwa ajili ya kamera iliwapa mamilioni ya watu furaha ya kusikia kaskazini bila kazi ya kuielewa. Wengi hadi leo wanaamini walichokisikia ndicho Plattdeutsch. Mtoto wa Hamburg wa mwaka 1970 angeweza kucheka na Meta Boldt kila alipoonyeshwa, na asijifunze hata sentensi moja ya lugha ya bibi yake.

Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Kabel hakuiacha asili yake. Kila alipomaliza kazi ya kamera alirudi ukumbini kucheza kwa lugha yenyewe, mbele ya watu wasiofika hata mia tano, na huko ndiko alikoliaga jukwaa. Lawama, kama ipo, ni ya mpango uliodhani kwamba kuonekana ni sawa na kuendelea kuwepo. Lugha haiishi kwa sababu watu wanaipenda kwenye kioo. Inaishi pale ambapo kijana wa miaka 18 anaweza kuingia mlangoni kama msindikizaji, akapewa maneno ya kusema, akarudi kesho na keshokutwa, na akalipwa mshahara wa kuishi nao.

Hamburg inaonekana kuyaelewa hayo, japo kwa kuchelewa. Tangu 2010 baadhi ya shule zake za msingi zinafundisha Plattdeutsch kama somo. Katika Bieberhaus Ohnsorg ina jukwaa la pili, dogo, kwa ajili ya watoto na vijana, ambako lugha mbili hukutana katika igizo moja. Hizo ni kazi za miaka mingi, zisizo na nyota wala tuzo, na zinahitaji fedha za umma kila msimu, pamoja na madiwani wasiochoka kuzitetea fedha hizo. Nchi yoyote inayozisifu lugha zake za nyumbani siku za sherehe ijiulize swali moja: ni ukumbi gani unafungua pazia leo jioni kwa lugha hizo, na waigizaji wake wanalipwa na nani?